Zamu Isiyopokewa

Rwenkende,
12 Novemba 2024

Mama Placida, shikamoo.

Kabla hujanisema: ndiyo, nimeandika kwa kalamu nyekundu. Ya bluu ameichukua daktari, na daktari akichukua kalamu unajua mwenyewe kwamba tumeshaizika. Barua hii nimempa Mwebesa pamoja na kilo ya sukari. Akikufikishia barua bila sukari, ujue Fuso lake siku hizi linakunywa chai. Ningepiga simu, ila sikio lako na mtandao wa huku vikikutana tunabaki kufokeana tu, na haya niliyonayo si ya kufoka.

Tumepoteza mama wa wodi yetu.

Aliitwa Deodatha. Ni mkwe wa bibi mmoja mfugaji, Kansiime, watu waliohamia juzi juzi na ng'ombe wao kule mbugani. Alijifungua salama siku ya gulio, mtoto wa kiume mwenye sauti ya kondoo. Asiimwe ndiye aliyemzalisha, yule binti niliyekwambia ana mikono myepesi na maneno machache. Alimpa sindano ya kuzuia damu, akamkanda tumbo, akamlaza kitanda cha dirishani, akamwambia Kansiime aite mara akiona damu. Ndipo wengine wawili wakaanza kwa pamoja nyuma ya pazia, mmoja anasukuma, mwingine anaingia kifafa cha mimba. Na Asiimwe yuko peke yake, maana mwenzake wa zamu alikuwa amesindikiza mgonjwa kwenye gari. Mimi mfawidhi, uliyeniachia wodi kwa hotuba ndefu na machozi, nilikuwa Kayanga kwenye semina. Semina ya nini? Ya ubora wa huduma. Deodatha alipokuwa anavuja damu chini ya blanketi kwenye wodi yangu, mimi nilikuwa nimeshika sambusa.

Ametoka Bwana Rweyemamu wilayani kuchunguza. Ni mtu mpole, wa Muleba, anakuuliza swali kama anayekukaribisha uji. Na hapo ndipo mambo yalipogeuka, Mama. Asiimwe kaandika kwamba alikuwa peke yake. Lakini Kansiime anasema hapana, walikuwa wawili. Na kinamama wengine wote waliokuwa wamelala pale, wahamiaji kama yeye, wanasema walikuwa wawili. Wa pili alikuwa sista mtu mzima, gauni jeupe, kofia nyeupe kichwani, mkanda wenye bizimu ya chuma inayong'aa. Alisimama kwa Deodatha muda mrefu, kisha akaondoka.

Sasa nani huku anavaa nyeupe? Sisi sote tumo kwenye hizi skrabu za bluu, tunafanana na mafundi wa gereji. Kofia sijaiona tangu tukuage.

Bwana Rweyemamu anasema hivi: kama Asiimwe alikuwa peke yake, huo ni uhaba wa watumishi na serikali itajibu. Kama walikuwa wawili na mama akafa bila mtu, huo ni uzembe, na anayemficha mwenzake ni mzembe mara mbili. Amemsimamisha kazi. Shauri likifika Baraza la Wauguzi, leseni ya yule binti imekwenda, na hana kingine anachojua wala anachokitaka duniani.

Kinamama wao wameshaamua. Wanasema ni mzimu. Hakuna anayekubali kulala kitanda cha dirishani. Leo asubuhi nimekuta mtu kakiwekea machungwa. Wewe uliishi na wodi ile kuliko sisi sote. Zamani kulikuwa na maneno ya namna hii? Nishauri, mimi akili yangu imebaki Kayanga.

Mwanao asiyekua,
Felicitas

*

Igurwa,
17 Novemba 2024

Mwanangu Felicitas, marahaba.

Kalamu nyekundu ni ya ripoti ya zamu ya usiku. Nilikufundisha mwenyewe, na sasa umenifanya nisome barua nzima nikidhani ni usiku, hadi mke wa mwanangu Dastan aliponiletea chakula cha mchana nikamuuliza mbona anapika saa hizi. Sukari imefika. Mfuko umefunguliwa na kufungwa tena, lakini umefika.

Huku senene wameanza. Jumapili panzi mmoja aliingia kwenye kola ya mwinjilisti katikati ya sala ya toba. Akaruka! Akajipiga mgongoni! Waumini wakadhani Roho amemshukia, mama mmoja mbele akapiga vigelegele. Mwinjilisti akamtoa senene, akamtazama, na wallahi, mwanangu, ninavyomjua yule, kama si madhabahu angemtia mdomoni.

Nasikitika sana kwa huyo mama. Kila anayekufa kwa damu ya uzazi hunirudia kichwani, wote, na sura zao. Lakini mzimu sijawahi kuuona. Mzimu unaofunga mkanda wenye bizimu, wa nini? Nilikaa wodi ile hadi nywele zikageuka, kitu pekee kilichokuwa kinatembea bila mwili ni mishahara yetu.

Rudi kwa wale kinamama. Usiwaulize sura, sura watakosea; mtu aliyelala humwona kila aliyesimama kuwa mrefu. Waulize huyo sista alifanya nini na mikono yake. Mikono hawakosei.

Na huyo Asiimwe usimwache peke yake nyumbani. Muuguzi aliyefiwa na mgonjwa akiachwa peke yake huanza kuzungumza na huyo mgonjwa. Mpelekee ndizi, kaa naye, usimuulize kitu.

Mimi huko sijakanyaga tangu mnipe lile jagi la kuniaga. Mwanangu Evaresta ananiita kila mara huko shuleni kwake nikamwone mjukuu, namwambia miguu imestaafu pamoja na mimi. Sare yangu imetundikwa nyuma ya mlango. Naipiga pasi kila Jumamosi, Dastan ananicheka, nami namwambia askari hatupi bunduki.

Mama yako,
Placida

*

Rwenkende,
24 Novemba 2024

Mama, shikamoo.

Nimefanya ulivyosema, nimewauliza mikono. Sasa nalala taa ikiwaka, mtu mzima mimi mwenye wajukuu.

Nilimfuata Kansiime kwake. Alinipokea nje, kwenye harufu ya samli, kichanga kikiwa mgongoni kwake. Kanisimulia bila kunitazama. Anasema aliona damu kwenye kanga ya mkwe wake, akainuka kumwita Asiimwe. Yule sista wa nyeupe akawa ameshaingia. Akamwinulia kidole, hivi, akamwambia, "Kaa, waitu, ndugu yangu. Mwache binti amalizie pale. Huyu ni wangu." Akaweka mkono juu ya tumbo la Deodatha, akakanda kwa duara, taratibu, huku mkono wa pili umemshika mgonjwa vidole. Akamwita "mwanangu". Damu ikapungua, Kansiime aliiona inapungua. Kisha sista akaenda kwenye beseni akanawa hadi kwenye viwiko, akajikung'uta mikono juu, akasema neno kuelekea kwenye pazia, akatoka.

Kansiime akakaa. Anasema: "Sista mkubwa amemwangalia, amemkabidhi mwenzake. Mimi ni nani wa kupiga kelele?" Damu ikarudi kimya kimya, kupitia godoro. Deodatha alikuwa amefunikwa, anaonekana amesinzia. Asiimwe alipotoka nyuma ya pazia na mtoto wa yule aliyekuwa anasukuma mkononi, kilichomwambia ni sakafu. Gari lilipopatikana akafia njiani, kabla ya kufika Kaisho.

Na mlinzi wetu mpya? Nilimbana, akakiri alimfungulia geti yule sista na kumpigia saluti. "Mwenye mkanda ule, bosi, unamuuliza kitambulisho?" Kwa hiyo mzimu wetu hupita getini, huo ni ustaarabu. Niliwaambia wenzangu kwa kicheko, hakuna aliyecheka. Katekista kaleta maji ya baraka, mchungaji kaja na maombi, wamekutana mlangoni kila mmoja akimpisha mwenzake atangulie kwa huyo mzimu.

Kunawa hadi kwenye viwiko, Mama, siku hizi hakuna anayenawa hivyo. Sisi tunajipaka ile dawa ya chupa tunakimbia. Nimeona mtu mmoja tu katika maisha yangu akinawa hivyo na kujikung'uta mikono juu, na ninamwandikia sasa hivi. Nakutania. Ila nikwambie kweli, wazo hilo lilinipita mgongoni kama maji ya baridi.

Asiimwe nimempelekea ndizi. Hazili. Kuna jinsi ananitazama ambayo siielewi, kama mtu aliyenibebea mzigo wangu na hataki nijue ni mzito. Nilipomwambia, "Mwanangu, kama kulikuwa na mtu, mtaje," aliniinamia magotini akalia, akasema, "Sitamtaja, sista. Usiogope."

Nisiogope nini?

Felicitas

*

Igurwa,
3 Desemba 2009

Mwanangu Feli,

Nimesikia unalala taa ikiwaka. Zima, mafuta ya jenereta ni ya chumba cha upasuaji.

Huku senene wameanza. Umesikia kilichompata mwinjilisti? Mmoja kamwingia kwenye kola katikati ya toba. Akaruka! Watu wakadhani ni Roho. Nilicheka hadi nikatoka nje.

Nikuambie mambo mawili ya kazi, usininunie. La kwanza, kitanda cha dirishani kinalia mguu wa kushoto. Mgonjwa akijigeuza kinapiga kelele, anaogopa kujigeuza, anakaa na kibofu kimejaa, na kibofu kikijaa tumbo la uzazi halikazi. Mkitie mafuta. Yule mama niliyekuachia alikuwa na kibofu kimejaa, nilitaka kumpeleka msalani nikaona saa yangu imekwisha na Fuso linanisubiri. Tumbo lilikuwa limekaza vizuri chini ya mkono wangu. Ana vidole vyembamba yule, na pete ya shaba. Aliniuliza kama mtoto ana nywele nikamwambia anazo hadi mabegani, akacheka.

La pili, ukipokea zamu, toka nje ya pazia uipokee. Nilikwambia, "Feli, huyu wa dirishani mwangalie, mimi natoka." Ukaitikia ukiwa umenipa mgongo. Zamu haipokewi hivyo. Unasimama kando ya kitanda, unaona kwa macho yako, ndipo mwenzako anavua kofia. Leo nimekusamehe kwa sababu ulikuwa na anayesukuma.

Anaendeleaje? Mpe uji.

Sista Placida,
Mkuu wa Wodi

*

Rwenkende,
8 Desemba 2024

Mwalimu Evaresta,

Ningekuja mwenyewe, shule yenu naiona nikisimama hapa kwenye kamba ya kuanikia mashuka. Lakini nikikuona uso nitakuuliza habari za watoto na za mvua, nitakunywa chai, nitaondoka.

Nimepata barua ya mama. Mwaka aliouandika juu si mwaka huu. Na ndani yake kuna mgonjwa wa dirishani mwenye pete ya shaba. Pete hiyo mimi sijaiandika popote, dada. Nimeiona siku tulipomvua kumkabidhi mume wake.

Siku ile ya gulio, mama alikuwa kwako?

Felicitas

*

Rwenkende, shuleni,
9 Desemba 2024

Da Felicitas, shikamoo.

Nimekuwa nikisubiri mtu aniulize. Nilidhani akiniuliza nitakana.

Alikuwa kwangu. Mwebesa alimleta na ndizi. Alikuwa mama yule yule, anamtania mkwe wake, anambeba mjukuu. Baada ya chakula akaingia chumbani, akatoka amevaa nyeupe. Hatukujua kwamba ameibeba. Akasema, "Naingia zamu." Tukacheka wote, Da Feli. Mume wangu akampigia makofi. Nilidhani anakwenda kuwasalimia nyie awachekeshe, nikampa mwavuli.

Alirudi mikono ya gauni imelowa. Nikamkuta nyuma ya nyumba analifua kwa maji baridi na chumvi, kama alivyokuwa akifua tulipokuwa wadogo, na mimi najua maji baridi na chumvi ni ya nini. Nikamuuliza, "Mama, umetoka wapi?" Akanitazama kwa upole, ule upole ambao humpa mgeni. Akasema, "Nimekaa tu hapa na mtoto."

Jioni tukasikia kituoni kuna msiba. Nikampigia Dastan. Akaniambia amekuwa akimfungia mlango kwa funguo tangu Pasaka. Kila alfajiri anavaa, anataka kwenda kazini. Kwenye barua anaandika vizuri kwa sababu anaandika asubuhi akiwa na akili zake, na mke wa Dastan anamkalia pembeni. Hiyo ya mwisho lazima aliiandika mwenyewe akampa Mwebesa dirishani.

Tulimficha kwa sababu ni Sista Placida. Nusu ya watoto wa darasani kwangu yeye ndiye aliyewapokea. Ningesema nini, na kwa nani? Halafu nikamwona Asiimwe sokoni, amejifunika kanga hadi machoni. Tangu hapo silali.

Fanya utakavyoona. Sitakununia. Naomba tu asifungwe.

Evaresta

*

Rwenkende,
13 Desemba 2024

Mama Placida, shikamoo.

Nimemwomba mke wa Dastan akupe barua hii asubuhi, ukishakunywa chai, wakati akili yako ni ile iliyonifundisha. Ukae. Sina utani leo, nimeutafuta haupo.

Mzimu wetu ni wewe.

Ulikuwa kwa Evaresta siku ya gulio. Ulivaa sare ukaja kazini. Ulimkanda Deodatha tumbo, ulimshika mkono, ulimchekesha, na damu ikapungua. Kisha ukakabidhi zamu kwangu, nami sikuwepo. Nilikuwa Kayanga. Mwaka uliokuwa nao kichwani mimi nilikuwepo, bado kijana, nyuma ya pazia.

Jana nilimwendea Asiimwe nikamuuliza: siku ile, ulisikia mtu akiita jina? Akaugeukia ukuta. Halafu akasema. Alisikia sauti ya mtu mzima nje ya pazia: "Feli, huyu wa dirishani mwangalie." Kwake yeye kuna Feli mmoja duniani. Akajua nimerudi mapema kutoka semina, niko wodini, nimempokea Deodatha. Akashusha pumzi, akamshughulikia wa kifafa akamwokoa. Uliyemsikia akiitikia nyuma ya pazia ni yeye. Alipotoka na kukuta damu na mimi sipo, aliamini nimemtelekeza mgonjwa na kukimbia. Na Mama, alininyamazia. Alikuwa tayari kuitoa leseni yake ili mimi nibaki na yangu. Huko kwake alikuwa ananilinda mimi, na mimi niko huku nampelekea ndizi na kumtazama kama mshukiwa.

Watu watatu wazuri, kila mmoja akiamini mwenzake yupo kando ya kitanda. Pale hapakuwa na mtu.

Bwana Rweyemamu anafunga uchunguzi wiki ijayo. Nikinyamaza, Asiimwe amekwisha. Nikisema, watu watasema Sista Placida aliua. Hujaua. Lakini sitaweza kuwazuia kusema.

Ningeweza kwenda kwake bila kukuambia, nawe usingejua. Hilo ndilo lililonitisha. Ulitufundisha mgonjwa haguswi kabla hajaambiwa anafanywa nini. Ndiyo maana nakuambia.

Felicitas

*

Igurwa,
16 Desemba 2024

Felicitas mwanangu,

Naandika haraka, asubuhi yangu si ndefu siku hizi.

Nimesoma, nikamwambia mke wa Dastan wewe umechanganyikiwa. Nikamwita Dastan aje acheke na mimi. Hakucheka. Alikaa chini sakafuni, mwanaume mzima mwenye ndevu, akaweka kichwa miguuni kwangu. Basi nikajua.

Sikumbuki. Nimetafuta siku nzima ile na haipo, ni kama chumba ambacho mtu amehamisha vitu vyote akafagia. Wewe unasema nilimchekesha. Nashukuru kuambiwa. Ila ona, mwanangu, mtu anakufa na wa mwisho kumshika ni mimi, na mimi sina hata uso wake. Wale wa zamani wote ninao. Huyu tu hana mahali pa kukaa kwangu.

Unasema sikuua. Usinibembeleze, mimi si bibi wa kubembelezwa. Nilimwambia Kansiime akae. Kama ningekuwa kichaa wa kawaida, mwenye matambara, angenipigia kelele na binti angetoka. Alinyamaza kwa sababu ya kofia ile. Miaka yote nilijivunia kwamba nikiingia wodini watu wanatulia.

Nenda kwa Bwana Rweyemamu. Taja jina langu lote, la ubatizo na la baba yangu. Mwambie aje nikiwa nimeshakunywa chai, nitamsimulia nisichokikumbuka na Dastan atamsimulia anachokijua. Mwambie pia yule binti hakupaswa kuwa peke yake, hilo nalikumbuka vizuri, nimeliandikia barua wilaya tangu wewe una kiuno.

Mwambie Asiimwe: zamu haipokewi kwa sikio. Usimwambie kwa ukali. Mwambie kama mtu anayemwombea radhi.

Na Kansiime. Nataka kwenda kumpa pole. Muulize kama atanipokea.

Sare nimempa Dastan. Nimemwambia asinionyeshe atakapoiweka, hata nikimlilia. Nitamlilia, najijua.

Mama yako,
Placida

*

Rwenkende,
15 Januari 2025

Mama, shikamoo.

Utani umerudi kidogo, kama homa inavyoshuka. Bwana Rweyemamu kanisimulia kwamba ulimkagua kucha kabla hajakaa. Anasema ni mara ya kwanza katika utumishi wake shahidi kumtuma akanawe.

Asiimwe amerudi kazini. Imeandikwa kwamba alikuwa peke yake kwa wanawake watatu, na kwamba hilo lisitokee tena. Wameleta wauguzi wawili. Mmoja anaogopa mende, lakini ni mtu, ana macho na mikono. Na sasa hakuna anayetoka wodini bila kusimama kitanda kwa kitanda na mwenzake. Asiimwe ndiye anayewasimamia. Amekuwa mkali hadi mimi namkwepa. Vijana wanauita "mtindo wa Sista Placida". Hawajui ulianza lini, mimi najua ulikuwepo, tuliuacha tukajipaka dawa ya chupa.

Nilimfikia Kansiime. Nilimweleza yote. Alihesabu ng'ombe wake hadi wote wakapita mbele yetu. Hakusema amesamehe, na sitakudanganya. Alisema, "Kwa hiyo alikuwa mtu." Nikasema ndiyo. Akasema, "Nilikuwa namwombea huyo mzimu, nikidhani alikuja kumchukua mkwe wangu kwa upole." Akamrekebisha mtoto mgongoni. Kisha: "Aje. Ila asije na nyeupe."

Felicitas

*

Igurwa,
Jumatano

Feli,

Nimekusubiri mlangoni hadi vivuli vimerefuka na hukuja kupokea zamu. Sare yangu imeibiwa. Dastan, mwanangu mdogo, yuko wapi? Kuna mwanaume mwenye ndevu hapa nyumbani, ananiita mama, ni mpole, ila analia ovyo.

Sikupata nafasi ya kukukabidhi. Yule mama wa dirishani, mwenye vidole vyembamba, nilimwacha anacheka. Nina wasiwasi naye. Siwezi kukaa wala kulala mpaka mtu aniambie amemwona kwa macho yake.

Sista Placida

*

Rwenkende,
zamu ya mchana

Sista Placida,

Naandika kwa bluu, kwa sababu ni mchana. Asiimwe amesimama pembeni yangu, tunapita pamoja, kitanda kwa kitanda.

Kitanda cha mlangoni: mama wa watoto mapacha, wote wananyonya, mama analalamika chai haina sukari. Anaendelea vizuri.

Kitanda cha katikati: mama mdogo, ndiyo kwanza amejifungua. Tumbo limekaza. Nimeligusa mimi, na Asiimwe ameligusa. Amekwenda msalani mwenyewe.

Kitanda cha dirishani: mguu wa kushoto tumeutia mafuta, haulii tena. Shuka ni safi. Mama hayupo. Nimesimama hapo kwa miguu yangu, Sista, nimeona kwa macho yangu. Mtoto wake yuko kwa bibi yake, anakunywa maziwa, na nywele ni kweli anazo, zinaelekea mabegani.

Mwanaume mwenye ndevu ni wa kwako. Mpe mkono.

Zamu nimeipokea. Vua kofia ukapumzike.

Felicitas